Kipanga Apimwa Macho

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, sauti ya mama ilisikika kutoka chumba cha mbele.

"Kipanga! Njoo unitilie uzi!"

Kipanga alikwenda na kipande cha mkate shavuni, akapokea sindano. Hakuhitaji taa wala dirisha. Aliisogeza sindano karibu na pua kama mtu anayeinusa, akapitisha uzi mara moja tu, kisha akarudi kwenye chai yake.

Chumba hicho cha mbele kilikuwa karakana ya mama. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia iliyochorwachorwa kwa chaki, pasi nzito, na magauni yaliyotundikwa ukutani yakisubiri wenyewe. Mama alikuwa fundi hodari, ila siku hizi yeye na sindano walikuwa hawaelewani. Alipotaka kutia uzi mwenyewe aliinyoosha mikono mbali, utafikiri anamkabidhi sindano mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, halafu akakosa tundu. Akalaumu uzi, akalaumu sindano, akalaumu waliotengeneza sindano. Macho yake hakuyalaumu hata siku moja.

"Macho yapo kwa huyu," aliwaambia wateja, akimwonyesha binti yake kwa mkasi. "Pini ikidondoka, huyu ameshaiona kabla haijatua."

Ndiyo maana akaitwa Kipanga, kama yule ndege anayemwona kifaranga akiwa juu mawinguni. Jina likamkaa, hata majirani wakasahau alilopewa alipozaliwa.

Tatizo ni kwamba Kipanga huyu alikuwa haoni mbali. Kitu kikiwa mbele ya pua yake, aliona hadi nyuzi za kitambaa. Akitoka mlangoni, dunia ilivaa ukungu. Watu aliwatambua kwa mwendo na sauti. Siku moja aliliamkia kwa heshima zote koti la mlinzi wa shule lililotundikwa kwenye nguzo ya geti, na lilipokosa kuitikia akaenda zake amenuna. Mwanzoni alidhani watu wote huona hivyo. Alipogundua kwamba sivyo, alikuwa ameshasifiwa mno. Angeanzia wapi kukanusha?

Darasani alikaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wake. Jirani yake alikuwa msichana mfupi aliyeitwa Redio, ambaye hakuletwa nyuma kwa urefu bali kwa maneno. Mwalimu alitaka kelele zake zisafiri kidogo kabla ya kumfikia. Redio hakuweza kunakili kitu ubaoni bila kukisoma kwa mdomo. "Nane mara tatu, jumlisha kumi na moja," alinong'ona huku akiandika, na Kipanga akaandika alichosikia. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo hilo. Lilijiendea tu, muhula baada ya muhula.

Likaja jaribio la hisabati. Mwalimu aliandika maswali ubaoni, akapangusa vumbi la chaki mikononi, akasema, "Leo nikisikia hata mbu, nitajua ni mbu gani."

Redio akafumba mdomo kama mkoba uliofungwa zipu. Kipanga akautazama ubao. Aliona weupe uliotapakaa, kama mchele uliomwagika gizani. Akafinya macho, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Mchele ukabaki mchele. Wenzake walikuwa wameshaanza kugeuza kurasa. Akamgusa Redio kwa kiwiko.

"Swali la pili linasemaje?"

"Shii!"

"Redio, tafadhali."

Redio akanong'ona swali. Hakunong'ona jibu, ni swali tu. Lakini mwalimu alikuwa ameshamsikia mbu wake.

"Simameni nyote wawili. Mnagawana majibu?"

"Hapana, Mwalimu," Redio akasema. "Nilikuwa namsomea swali."

"Unamsomea? Kwani yeye hana macho?" Mwalimu akamgeukia Kipanga. "Wewe, unaona ubaoni au huoni?"

Darasa zima likageuka. Kipanga hakuziona nyuso vizuri, lakini alijua kwamba zote zinamtazama yeye, Kipanga, fundi wa kuokota pini. Ulimi ukamwahi.

"Naona, Mwalimu."

Ikawa basi. Wote wawili wakapata sifuri. Kwa Kipanga mambo yaliishia hapo, lakini kwa Redio hayakuishia hapo. Redio alikuwa katika timu ya chemshabongo ya hisabati, timu ambayo ingeshindana na shule nyingine, na kwa muda mrefu hakuwa na wimbo mwingine.

"Siwezi kuisimamisha shule mbele ya watu nikiwa na mtu anayegawa majibu," mwalimu akasema. "Ijumaa nitamtaja mwingine wa kushika nafasi yako."

Walipotoka nje, Redio alimfungukia.

"Umeniuza mchana kweupe! Unaona, unaona nini wewe? Juzi tu umelisalimia koti!"

"Nyumbani mimi ndiye macho, Redio. Mama akisikia atasemaje?"

"Na mimi je? Nimefanya hesabu mpaka naziota usingizini! Nenda ukamwambie mwalimu ukweli."

Kipanga akatazama viatu vyake. Hivyo aliviona vizuri sana.

"Haya," Redio akasema. "Kuanzia leo, jisomee."

Redio ikazimwa. Tangu siku hiyo alinakili akiwa ameuma midomo, na daftari la Kipanga likawa na nafasi nyeupe nyingi kuliko maandishi.

Wiki hiyohiyo, dereva mmoja wa lori aliingia karakanani ameshika suruali kama mtu aliyeshika panya.

"Fundi, suruali hii ni ya rangi gani?"

"Nyeusi," mama akajibu.

"Na uzi?"

Mama akaipeleka suruali mlangoni penye mwanga, akanyoosha mikono, akarudisha kichwa nyuma. "Mweusi."

"Ni buluu, fundi. Tena buluu ya kupiga kelele. Nimekaa mkutanoni watu wote wananitazama miguu." Dereva akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Nenda ukapime macho. Sisi kazini hatukabidhiwi gari bila kupimwa. Ila nenda na mtu wa kukushika mkono, maana kuna dawa wanadondosha, ukitoka huko jua linakuchapa usoni."

Ndivyo Kipanga alivyoombewa ruhusa shuleni na kujikuta, siku ya Alhamisi, kwenye benchi la kliniki ya macho. Kazi yake ilikuwa kumshika mama mkono wakati wa kurudi. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Daktari wa macho alikuwa mwanamume mwenye upara uliong'aa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu chochote. Alianza kwa maswali. Mama anafanya kazi gani? Kichwa humuuma? Anatumia dawa yoyote? Ana ugonjwa wa sukari? Katika ukoo wao yuko aliyepata upofu au ugonjwa wa presha ya macho?

"Daktari," mama akasema, "mimi nimekuja kupimwa macho, na wewe unanihoji kama askari."

"Macho hayakuja yenyewe, mama. Yameletwa na mwili, na mwili una historia."

Kwenye ukuta wa mbali kulikuwa na ubao mweupe wenye alama nyeusi. Kila alama ilifanana na chanuo lenye meno matatu. La juu kabisa lilikuwa kubwa, na kila mstari ulivyoshuka machanuo yalizidi kuwa madogo. Anayepimwa hakuhitaji hata kujua kusoma. Alitakiwa tu kusema meno yameelekea wapi. Mama akafunikwa jicho moja, akaanza: juu, kulia, chini, kushoto. Kwa mbali mama aliona vizuri. Mstari wa mwisho tu ndio uliomsumbua, akausoma polepole: "Kulia, juu, kushoto... kushoto tena, chini."

Daktari hakusema amepata wala amekosa. Alisema tu, "Asante."

Kipanga, pale kwenye benchi, alikuwa akisikiliza kwa makini. Kukariri kwa sikio ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

"Na huyu binti amepimwa lini?" daktari akauliza.

Mama akacheka. "Huyu? Huyu ndiye macho ya nyumba nzima. Anatia uzi gizani."

"Hata macho ya nyumba hupimwa. Watoto wengi hawalalamiki kwa sababu hawajui kwamba wana cha kulalamikia. Njoo, bibie, keti hapa."

Kipanga akaketi. Akafunikwa jicho la kushoto. Huko ukutani aliona kitu cheupe chenye uchafu mweusi. Akavuta pumzi, akamwaga wimbo wote bila kituo, tangu mstari wa juu hadi wa mwisho. "Kulia, juu, kushoto, kushoto, chini!"

"Unaona, daktari?" mama akasema, kifua mbele.

Daktari alijikuna upara. "Naona. Ila kuna kitu kidogo. Katika mstari huu wa mwisho, mama alikosea chanuo moja. Alisema kushoto, na meno yameelekea juu. Na wewe umekosea lilelile, kwa namna ileile. Macho mawili ya watu wawili yakikosea sawasawa hivyo, mimi huanza kushuku masikio."

Akatembea hadi ukutani, akautoa ubao kwenye msumari, akaupindua chini juu, akautundika tena.

"Haya. Anza upya."

Alichoona Kipanga ni kwamba weusi mkubwa uliokuwa juu sasa umeshuka chini. Basi. Angeweza kubahatisha. Pande ziko nne, na bahati huwa inapita mara mojamoja. Akakaza macho, akajivuta mbele kitini.

"Hapa hakuna jibu baya," daktari akasema kwa sauti yake ileile ya uvivu. "Ukisema unaona, naandika. Ukisema huoni, naandika vilevile. Jibu pekee linaloniharibia kazi ni la uongo, maana nitakutengenezea miwani ya mtu mwingine."

Kipanga akajibu, "Sioni."

"Chanuo lipi?"

"Yote. Naona weusi tu."

Mama alicheka kidogo, akisubiri binti yake naye acheke. Kipanga hakucheka. Kicheko cha mama kikakauka kidogo kidogo.

Baada ya hapo kazi ilianza hasa, na ilikuwa ndefu kuliko Kipanga alivyofikiri. Alipewa kadi ya maandishi madogo mno, akaisoma yote bila kusita. Akafuata kalamu ya daktari kwa macho, juu, chini na pembeni, bila kugeuza kichwa. Daktari alisimama mbele yake, akanyoosha mikono pande zote na kuchezesha vidole, ili ajue kama Kipanga anaona vitu vya pembeni huku ametazama mbele. Akammulika kurunzi kwenye mboni, jicho moja baada ya jingine, kuona kama zinajikunja kwa mwanga.

Kisha akaweka kidevu kwenye kibao cha mashine, akachungulia ndani. Mlikuwa na picha ya nyumba mwisho wa barabara ndefu. Picha ikafifia, ikakolea, ikafifia, mashine ikalia kidogo.

"Niseme nini?" Kipanga akauliza bila kusogea.

"Usiseme kitu. Hii haiulizi. Inapima yenyewe jinsi jicho linavyokunja mwanga."

Mashine ya pili ilimpulizia upepo jichoni, puh! Kipanga aliruka kama aliyekanyaga pini.

"Pole," daktari akasema. "Hiyo inapima presha ya jicho. Haiumi, inashtua tu. Kuna mzee mmoja alinitukana hapa hadi vizazi vyangu vijavyo." Mama akapulizwa naye, na ingawa hakumtukana mtu, alimtazama daktari kwa namna iliyomfanya arudi nyuma hatua.

Mwisho likaja tone la dawa, kwa mama na kwa binti. Liliwasha kidogo, likapita. Daktari aliwaeleza kwamba dawa hiyo hufungua mboni wazi kama mlango, ili aweze kuchungulia ukuta wa nyuma ya jicho, na kwa mtoto pia hulipumzisha jicho lisijikaze wakati wa kupimwa. Kwa saa kadhaa vitu vya karibu vingekuwa na ukungu na mwanga ungewasumbua, kisha hali ingerudi yenyewe. Akawakalisha kwenye korido wafumbe macho wasubiri.

Wakakaa hapo wawili, bega kwa bega, macho yamefumbwa. Kuna maneno ambayo ni rahisi kuyasema usipomwona mtu.

"Mama," Kipanga akasema. "Kuna jambo jingine."

Akaeleza yote: mchele ubaoni, kiwiko, swali lililonong'onwa, na lile neno "naona" lililomtoa Redio katika timu. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Kipanga akafumbua jicho moja kumwangalia. Uso wa mama, uliokuwa karibu kabisa, ulikuwa umejaa ukungu.

"Mama! Hata karibu sasa sioni!"

"Ni dawa, mwanangu. Fumba." Mama akamtafuta mkono akaushika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifu."

Mama akashusha pumzi. "Basi na mimi nina sehemu yangu hapo. Lakini mwenzako hana sehemu yoyote, na ndiye anayeumia. Kesho ni Ijumaa. Utakwenda kwa mwalimu."

"Nisubiri miwani itengenezwe, mama. Nikiwa nayo usoni ataniamini."

"Miwani itachukua siku. Nafasi ya mwenzako itakuwa imeshapata mtu. Nitakusindikiza mpaka getini. Kuongea, utaongea mwenyewe."

Daktari aliwaita tena. Katika chumba cha giza aliwachungulia macho kwa taa nyembamba, akaridhika kwamba ukuta wa nyuma ni mzima kwa wote wawili. Halafu akamvalisha Kipanga fremu nzito ya chuma, akawa anachomeka vioo na kuvichomoa. "Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Kila kioo kilipogonga mahali pake, machanuo kule ukutani yalizidi kukaza, hadi yakaota meno. Kipanga akaanza kuyasoma mwenyewe, polepole, bila wimbo.

"Jicho lako ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa," daktari akamweleza. "Picha ya kitu cha mbali inaishia njiani, haifiki ukuta wa nyuma. Ya karibu inafika barabara. Ndiyo maana sindano unaiona kuliko mtu yeyote nyumbani na ubao huuoni. Si uvivu wala si aibu, ni umbo tu, kama mwingine alivyo na miguu mirefu. Na macho ya mama yako yamefanya kinyume: ya mbali anaona, ya karibu umri umeanza kuyachukua. Miwani kwenu wote, za aina mbili."

"Miwani haitamharibia macho?" mama akauliza. "Watu wanasema ukiizoea macho yanalala."

"Watu hao hawajawahi kuniletea jicho lililolala," daktari akajibu. "Itamsaidia kuona, hilo tu. Na umlete tena kila mwaka, maana anakua, na jicho nalo hukua."

Walirudi nyumbani wakifuata kivuli cha kuta, wameshikana mikono, kila mmoja akidhani ndiye anayemwongoza mwenzake. Dereva wa lori alikuwa anasubiri mlangoni.

"Fundi, suruali yangu?"

"Rudi kesho," mama akasema, akipapasa kufuli. "Leo nyumba hii haina hata jicho moja la akiba."

Asubuhi ya Ijumaa mama alifanya kama alivyosema. Walipofika getini akamwachia mkono, akasimama.

Mwalimu wa hisabati alikuwa ameshika chaki Kipanga alipobisha hodi. Darasa lilikuwa limejaa. Redio hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Ingia, kaa."

"Mwalimu, naomba niseme kwanza." Akakaza sauti. "Siku ya jaribio uliniuliza kama naona ubaoni. Nilikudanganya. Sikuwa naona. Redio alinisomea swali tu, jibu hakunipa."

Minong'ono ikapita darasani. Mwalimu akaiweka chaki mezani.

"Na kwa nini nikuamini leo, ikiwa siku ile ulinidanganya?"

Kipanga hakuwa na miwani usoni wala daktari pembeni. "Sijui, Mwalimu. Nipime."

Mwalimu akamtazama, kisha akampeleka hadi dawati lake la nyuma, akarudi ubaoni na kuandika namba.

"Soma."

"Sioni."

Mmoja akacheka. "Kipanga haoni!" Mwingine akadakia, "Kipanga wa kuku wa plastiki!"

"Anayecheka atakuja kusoma yeye, tena kwa kisogo," mwalimu akasema, na kicheko kikakatika. "Sogea mbele. Ukiona, simama."

Kipanga akatembea. Akapita safu ya kwanza, akapita ya katikati, darasa likimfuata kwa macho. Huko nyuma baadhi yao walikuwa wanatabasamu. Alipoipita safu iliyo karibu na mbele bila kusimama, hakuna aliyetabasamu tena. Alikuja kusimama alipokuwa anakaribia kuugusa ubao kwa mkono.

"Sitini na saba," akasema. "Nyuma yake kuna nukta."

Mwalimu akafuta namba ile kwa kiganja, jambo ambalo huwakataza wanafunzi kila siku.

"Redio," akaita, "uliniambia ukweli, nami sikuukubali. Nafasi yako iko palepale. Jaribio mtalirudia wote wawili, kila mtu mahali pake. Na wewe dawati lako kuanzia sasa ni hili la mbele." Akamtazama Kipanga juu hadi chini. "Walio nyuma yako watanisamehe kwa urefu wako."

Wakati wa mapumziko Redio alikuja akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Umechelewa," akasema.

"Najua. Nisamehe."

"Nitakusamehe kidogo kidogo. Leo nakusamehe nusu." Akafikiri. "Na hivi uko mbele, mimi nitamsomea nani? Nitapasuka kwa kimya, ujue."

Redio ikawa imewashwa tena.

Shindano la chemshabongo lilifanyika katika ukumbi mkubwa wa shule nyingine, na wanafunzi wengi walikwenda kushangilia. Kipanga na mwalimu wao waliketi safu za nyuma kabisa, kwa kuwa walichelewa. Kipanga alikuwa na miwani yake mpya, miduara miwili myeusi ambayo ilikuwa bado inamteleza puani. Kule jukwaani, mbali, Redio alikuwa anajibu swali kabla muulizaji hajalimaliza, hadi muulizaji akamwomba ampe nafasi ya kupumua.

Makofi yalipopungua, mwalimu akamwinamia Kipanga.

"Nimekuwa nikifikiria siku ile," akasema. "Kosa lako halikuwa kutoona. Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote. Kosa lilikuwa kulificha. Ulidhani unaficha jambo lako mwenyewe, lakini uliyemwangushia mzigo ni mwenzako. Mtu akiwa na tatizo katika mwili wake, alitaje mapema kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa daktari. Likitajwa hupata msaada, na mara nyingi msaada wenyewe huwa mdogo tu, kama hivyo vioo viwili." Akasita. "Na mtu mzima naye asiulize swali la aibu mbele ya darasa zima kisha akadai jibu la kweli. Hilo ni langu. Nimeshawaomba wataalamu waje kuwapima wanafunzi wote, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni."

"Asante, Mwalimu."

Jukwaani timu ilikuwa inapanga mstari kupokea zawadi ya mshindi wa pili. Redio akamtafuta Kipanga kwa macho kule nyuma, akampata, akautoa ulimi wote nje na kukunja pua. Kipanga akashtuka.

"Mwalimu! Redio ananitolea ulimi!"

"Kwani hujui?" mwalimu akasema bila kugeuka. "Amekuwa akikufanyia hivyo tangu muhula wa kwanza, kila mkiachana getini. Na wewe, kwa adabu zako zote, unampungia mkono."

Kipanga akaisukuma miwani juu ya pua, akautoa ulimi wake hadi mwisho. Kutoka mwisho wa ukumbi aliona, wazi kabisa, Redio akiangua kicheko.